Bajeti ndiyo inawaangusha

Kaka wa Tukuyu, umeuliza kwa nini maombi ya ruzuku ya kikundi chenu cha ngoma yanakataliwa. Kwa ulivyoeleza, shida ni bajeti. "Usafiri 500,000" haisemi kitu. Andika: watu 12 × safari 4 za Tukuyu–Mbeya × nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 10,000 = 480,000. Posho za wasanii msizifiche kwenye "mengineyo", zipeni mstari wake. Na ile "kukuza utamaduni" ifuteni, kila mtu anaiandika! Semeni vijana wangapi, wiki ngapi, onyesho uwanja gani. Mazoezi yasianze kabla ya tarehe ya majibu. Wafadhili wengi hawalipii kazi iliyokwisha kuanza. Cheti cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nacho, angalieni kama hakijaisha muda.