Robo kilo ya simsim si mililita 250

Wifi yangu anayeishi Uingereza alinitumia vipimo vya kashata kwa simu: simsim mililita 250, sukari gramu 150. Nikashuka Marikiti, nikapimiwa robo kilo, nikarudi nikaimimina yote kwenye shira. 250 ni 250, au vipi? Shira haikutosha hata kuzishika chembe. Nilipokata, kashata zikamwagika kama mchanga, na watoto wakazila kwa kijiko.

Kumbe mililita hupima nafasi, gramu hupima uzito. Maji ndiyo yanayokubaliana na vyote viwili: mililita 250 ni gramu 250. Simsim ina hewa katikati ya chembe, kwa hivyo mililita 250 zake ni kama gramu 150 tu. Nilikuwa nimetia zaidi ya mara moja na nusu ya alichosema wifi.

Bibi zetu hawakuwa na shida hii kwa sababu walipima kwa kujaza tangu mwanzo hadi mwisho. Pishi, kipimo chao cha nafaka, ni vibaba vinne, iwe ya mchele au ya mtama. Sisi tunanunua kwa kilo na kupika kwa kikombe, hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Hata zaka ya fitri, ambayo hutolewa kwa pishi ya chakula, kila Ramadhani ikielekea ukingoni utasikia watu wakiulizana pishi ni kilo ngapi, na jibu hutegemea unapima nini.

Kama huna mizani nyumbani, usikimbilie kununua. Mwenye duka ameshakupimia. Chukua robo yako, kabla hujaimwaga kwenye mkebe ipime kwa kikombe chako unachokitumia siku zote, usawazishe juu kwa mgongo wa kisu. Usikitikise wala kukigonga, chembe zitashikana na hesabu itaharibika. Robo yangu ya simsim ilijaza kikombe changu cha bluu mara mbili, ikabaki kama kijiko kimoja. Basi kikombe hicho ni gramu 120 hivi za simsim. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Simsim ni rahisi. Viungo ndivyo vinavyodanganya macho. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kikijazwa uwatu ni gramu 11 hivi, lakini giligilani nzima ni gramu 5 tu, kwa sababu kila punje ni kama kibuyu kitupu. Bizari nyembamba ni gramu 6, simsim 9. Kwa hivyo mtu akikwambia "gramu 10 za giligilani", hivyo ni vijiko viwili, wala usishtuke. Na ukishaisaga, hesabu hiyo itupe: unga wa kiungo haujazi kijiko kama punje zake, upime upya.

Angalia pia kikombe cha nani. Mapishi ya Marekani yakisema kikombe, wanamaanisha mililita 240 hivi, si kikombe cha chai cha kwako. Na vile vijiko vya kulia wali havifanani. Kimoja kwangu kinachukua karibu mara mbili ya mwenzake.

Kwa pilau sijisumbui na haya yote, mkono wangu unajua. Lakini kashata, keki na mikate ni sukari na unga vinavyotegemeana, humo kukisia hakufai. Wiki iliyofuata nilitia kikombe kimoja na robo cha simsim kwa sukari ileile, zikakatika vipande safi, nikampigia wifi picha.

Tatizo lililobaki ni hicho kikombe cha bluu. Mwanangu amekivunja juzi, na karatasi ya kabatini haina maana tena, kwa hivyo kesho narudi Marikiti kununua robo nyingine.