Masoko ya Krismasi kwa Wikendi Moja: Majibu kwa Wanafunzi

Kila ifikapo Novemba, wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Ujerumani huanza kuchangishana fedha ili wakayaone masoko ya Krismasi, na hapo ndipo maswali huja kwa wingi. Nimechagua machache.

Sisi ni wanafunzi kumi na wawili tunaosoma Bayreuth. Mwenzetu amependekeza tuondoke Ijumaa usiku, tuitembelee Prague, Vienna na Salzburg, na Jumatatu asubuhi tuwe darasani. Je, inawezekana?

Kufika mtafika, kuona ndiko kutakakowashinda. Kutoka Prague hadi Vienna ni takriban saa nne kwa treni ya mwendo kasi, kutoka Vienna hadi Salzburg ni saa mbili na nusu, na bado hamjaanza kurudi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na uzuri wa masoko haya huanza hasa giza linapoingia na taa kuwashwa, yaani saa zilezile ambazo ratiba ya mwenzenu imewafungia ndani ya behewa.

Ningekuwa mimi, ningechukua mji mmoja kwa siku moja. Jumamosi nendeni Nürnberg, ambako ni mwendo wa kama saa moja tu kwa treni, mkalale huko. Soko la Hauptmarkt, uwanja mkuu wa mji huo, hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa tatu usiku. Vibanda vyake ni vya mbao, vimeezekwa kwa vitambaa vya mistari myekundu na myeupe, na mbele ya vile vya soseji mtaona vijisoseji vyembamba kama vidole vikigeuzwa jikoni na kutiwa vitatu vitatu ndani ya mkate mmoja. Kwa kuwa kundi la watu kumi na wawili halikosi kupotezana kwenye msongamano, kubalianeni mapema kwamba atakayepotea atasubiri kwenye chemchemi ya Schöner Brunnen, iliyo pembeni mwa uwanja huohuo. Haikosekani kuonekana kwa urefu wake, na kwenye uzio wake kuna pete ambayo wageni huizungusha wakinuia mambo yao. Usiku wa ufunguzi, ambao huwa Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, binti aliyechaguliwa kuwa Christkind, yaani "Mtoto Kristo" wa soko hilo, husoma utenzi wa kukaribisha akiwa juu ya roshani ya kanisa la Frauenkirche. Ni jambo la kupendeza, lakini umati wake si wa kikundi kinachotaka kukaa pamoja. Jumapili rudini kupitia Bamberg, mji wa kale uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993 na unaosifika kwa mapango ya Noeli yanayoonyeshwa makanisani.

Kwa nauli, asiye na Deutschlandticket, yaani tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida Ujerumani nzima, ajiunge na wenzake katika Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, ambayo huchukua hadi watu watano na wikendi hutumika tangu usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo hadi saa tisa usiku wa siku inayofuata. Majina yaandikwe kabla mkaguzi hajafika. Tiketi zote mbili hazikubaliwi kwenye treni za mwendo kasi za ICE.

Nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani. Je, nahitaji viza ili kuvuka kwenda Strasbourg, Ufaransa, na wenzangu?

Huhitaji. Kibali kilicho hai, pamoja na pasipoti iliyo hai, hukuruhusu kuzitembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Neno la kushika hapa ni "pamoja": wengi huondoka na kadi tu, wakaiacha pasipoti kabatini kwa kuwa tramu ya kutoka Kehl, mji wa Ujerumani ulio mpakani, huvuka mto Rhine kama inayokwenda mtaa wa pili. Septemba 2024 Ujerumani ilianzisha ukaguzi wa muda katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na tangu hapo imekuwa ikiuongezea muda. Kwa hiyo anayetoka bila shida anaweza kusimamishwa wakati wa kurudi. Anayesubiri kadi mpya na ameshika karatasi ya muda aulize kwanza katika ofisi ya wageni kabla ya kulipa nauli. Soko la Strasbourg ni la tangu 1570, na kwa kuwa mji wa kale umezungukwa na maji, walinzi hukagua mizigo madarajani; beba mkoba mdogo.

Tumepanga tarehe 27 na 28 Desemba kwa sababu vyumba ni rahisi. Kuna ubaya?

Upo. Masoko mengi ya Ujerumani hufungwa tarehe 23 au 24, na Nürnberg ni mojawapo. Mkishikilia tarehe hizo, elekeeni Salzburg au Prague, ambako kwa kawaida soko huendelea hadi mwaka mpya.

Mimi ni Mwislamu kutoka Pemba. Nitakula na kunywa nini huko?

Harufu ya karafuu itakuita kwenye sufuria za divai moto, lakini karibu kila kibanda cha vinywaji huuza pia Kinderpunsch, ambayo ni maji ya matunda yaliyotiwa viungo bila kileo. Kikombe hulipiwa amana. Ukikirudisha unapewa fedha yako. Soseji nyingi ni za nguruwe, na zabibu za keki ya Stollen mara nyingi hulowekwa katika ramu. Lozi za kukaangwa na sukari na njugu za chestnut za kuchoma hazina tatizo. Chapati za viazi ni tamu, ila uliza zimekaangwa kwa mafuta gani.

Mweka hazina wetu anadai nauli mwezi mzima kabla. Si mapema mno?

Mlipeni. Vitanda vya hosteli za vijana vya wikendi za Desemba huisha mapema, na asiyelipa ndiye huwa wa kwanza kulalamika kwamba amelazwa mbali na soko.