Mjomba, jenereta na setilaiti: ushauri kwa anayetaka kazi ya anga za juu

Mjomba wangu alifanya kazi ya anga za juu miaka kumi na minane na hakuwahi kugusa roketi. Alikuwa fundi wa jenereta katika kituo cha anga cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kile ambacho wenyeji mpaka leo tunakiita San Marco. Nikiwa mtoto niliwatambia wenzangu kwamba mjomba hurusha setilaiti. Siku moja akanisikia, akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nawasha moto tu," akasema. "Setilaiti ikipita juu yetu ina dakika kumi. Umeme ukikatika dakika hizo, imekwenda zake, haisubiri mtu."

Namkumbuka kila ninapopata ujumbe wa kijana anayeuliza aanzie wapi. Karibu wote huanza na roketi. Siwalaumu, na mimi nilianza hapo hapo. Mtoto wa Ngomeni hawezi kukwepa: yale majukwaa ya chuma yamesimama baharini, ukienda kuvua unayaona. Ndipo iliporushwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilipewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Waitaliano waliojenga kituo hicho walipachagua kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure.

Lakini roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Mjomba aliajiriwa baadaye, na kazi ikaendelea, kwa sababu antena zilibaki. Darubini ya anga ya Swift, iliyorushwa 2004, imekuwa ikishusha data zake kupitia Malindi. Roketi huondoka siku moja, na kinachobaki ni watu wa chini: wa antena, wa umeme, wa kompyuta, wa kuzisoma hizo data na kumweleza mwenye shida zinasema nini. Mimi niko katika kundi hili la mwisho. Nasoma picha za setilaiti kwa ajili ya malisho, mashamba na mafuriko, na mshahara wangu haujawahi kutoka kwa mtu anayejali setilaiti yenyewe.

Nilipomaliza chuo kikuu kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora mapaa. Unafunguliwa picha ya mji kwenye kompyuta, unazungusha kipanya kuzunguka kila nyumba, unahesabiwa idadi na kulipwa. Kidole cha shahada kilikufa ganzi. Tulikuwa vijana kumi na wawili katika chumba kimoja, tukiamini tuko mwanzo wa ngazi. Mwaka 2021 Google ikatoa bure ramani ya majengo zaidi ya milioni 500 barani Afrika, yote yamechorwa na kompyuta iliyofunzwa kutambua paa. Haikuwa sahihi kila mahali, lakini nani angetulipa tena? Ndani ya miezi michache kile chumba kilikuwa kitupu. Kwa hiyo ukiniuliza akili bandia italeta shida gani katika kazi hizi, nakwambia ilishafika, na iliingilia mlango wa wanaoanza. Zile kazi za kujifunzia mikono, ambazo sisi tulianzia, hazipo tena au zimebaki chache mno.

Kilichoniokoa ni aibu niliyoipata Tana River.

Nilikuwa nimepata mkataba wa kutengeneza ramani za malisho wakati wa kiangazi. Njia yake inajulikana: mmea wenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti inapima yote mawili, unapiga hesabu ndogo, unapata kipimo cha ukijani. Ndicho kipimo kilichotumiwa katika bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010: ukijani ukishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Nilikiamini kipimo hicho kama kitabu. Ramani yangu ikaonyesha kwamba karibu na mto kuna eneo kubwa la kijani kibichi katikati ya ukame, na mimi nikaandika kwa fahari kwamba hapa pana malisho ya akiba.

Tukaitisha mkutano chini ya mti. Nikatundika ramani. Mzee mmoja Mworma akaiangalia kwa muda mrefu, akaniita niketi karibu. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni mathenge."

Wakacheka wote, wanawake waliokuwa nyuma wakacheka zaidi. Asiyeujua mti huu nimweleze: mathenge ni mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa, ukageuka kuwa balaa. Mizizi yake huenda chini kufuata maji, kwa hiyo hubaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Ng'ombe hawezi kupenya kichaka chake, na mbuzi akizidisha kula maganda yake matamu meno humwoza. Setilaiti iliona ukijani, na ukijani ulikuwepo. Mwongo nilikuwa mimi, niliyeuita malisho.

Nilirudi Nairobi nikiwa sina raha, nikakaa miezi minne kujifunza kutenganisha mathenge na nyasi kwa kulinganisha picha za msimu wa mvua na za kiangazi. Nyasi hupanda na kushuka, mathenge hukaa pale pale. Nilizunguka na kifaa cha GPS nikichukua alama za vichaka, nikachanika suruali mbili. Ramani ile ya pili ndiyo iliyoniletea kazi nyingine, na nyingine. Kompyuta ya kuchora mapaa haikuweza kuninyang'anya hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameifundisha mathenge ni nini. Labda siku moja itafundishwa, na nadhani itafundishwa na alama kama zile zangu.

Ndiyo maana nikiulizwa "nisome nini" jibu langu huwaudhi watu. Jua kitu kimoja cha ardhini kwa undani kwanza. Maji, mpunga, mikoko, bima, sheria ya ardhi, umeme wa sola, chochote. Halafu ongeza setilaiti juu yake. Kujifunza QGIS, programu ya kuchora ramani, na Python, lugha ya kuandikia programu, kunawezekana nyumbani, bila ada, kwa miezi sita ya jitihada. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu 2008, za Sentinel-2 ya Ulaya ni bure pia, na pikseli zake ndogo kabisa, yaani vinukta vinavyounda picha, zina upana wa mita 10, sawa na nyumba na ua wake. Huna kisingizio isipokuwa bando, na bando najua ni kisingizio cha kweli.

Kitu kimoja ambacho wengi hukiruka: jifunze rada. Picha za kawaida huzuiwa na mawingu, na mafuriko huja na mawingu. Rada ya Sentinel-1 hupenya. Wanaojua kuisoma ni wachache kwa sababu picha zake ni mbaya, zina chengachenga kama televisheni ya zamani, na vijana wanapenda picha nzuri.

Sasa niseme kosa langu la pili, ambalo lilinigharimu karibu mwaka mzima. Niliomba kazi katika kampuni moja ya Marekani. Nikapita mtihani, nikapita mahojiano mawili, nikamwambia mama nakaribia kuondoka. Mahojiano ya tatu yakaanza na swali la uraia. Yakaishia hapo hapo. Marekani teknolojia ya roketi na baadhi ya teknolojia ya setilaiti husimamiwa na sheria za kudhibiti silaha, zinazoitwa ITAR, na asiye raia au mkaazi wa kudumu mara nyingi haruhusiwi hata kuona michoro. Ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo, mstari wa mwisho, na mimi nilikuwa nimeusoma kama mtu anavyosoma masharti ya benki. Shirika la anga la Ulaya nalo huajiri hasa raia wa nchi wanachama wake. Usikate tamaa, ila soma mstari huo kwanza kabla hujaaga ukoo.

Njia zilizofunguka kwa watu wetu zimekuwa nyingine. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018 kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, ya 2022, ilijengwa na Waganda waliokuwa wakisoma katika taasisi ya Kyushu huko huko Japani. Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX baada ya kazi ya pamoja na kampuni ya Bulgaria. Ukitazama utaona Japani inajirudia. Kijana wa uhandisi anayeniuliza siku hizi namwambia aanze Kijapani.

Ila fahamu hivi visetilaiti vidogo vinavyoachiliwa kutoka kituo cha anga hukaa juu mwaka au miwili hivi, kisha huanguka na kuungua. Na mradi mara nyingi huisha navyo. Hili ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii kwetu, kuliko hesabu: mikataba. Nimekuwa na mitatu ndani ya miaka minne. Mfadhili akikohoa sisi tunapata homa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, FEWS NET, mtandao wa kutahadharisha kuhusu njaa ulioanza 1985 na unaotegemea sana picha za setilaiti, ulizimwa ghafla. Ulirudi baadaye, lakini wapo niliowafahamu ambao hawakurudi nao. Mmoja ameingia kwenye biashara ya kuku na anasema kuku hawana tarehe ya kuisha kwa mradi. Weka akiba ya miezi sita, na uwe na mteja mmoja asiyelipwa na mfadhili, hata akilipa kidogo.

Utegemezi huo upo hata juu angani. Desemba 2021 moja ya setilaiti mbili za Sentinel-1 iliharibika umeme. Mbadala wake ulirushwa Desemba 2024. Katikati hapo tukapata mafuriko ya Novemba 2023, maji yakivunja kingo za Tana, na ile iliyobaki ilikuwa ikipita juu yetu kila baada ya siku 12. Afisa wa kaunti ananipigia simu akitaka ramani ya leo, mimi nina ya wiki iliyopita. Nilijifunza kumwambia hivyo waziwazi, na kumpigia mwenye boda boda wa Garsen aniambie maji yamefika wapi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu changamoto zinazokuja, na hapo ndipo naona kazi ambazo watu hawajazitazama. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Haikumuumiza mtu. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha kitu hulipa fidia kikiharibu mali au maisha ardhini, lakini nani athibitishe ni ya nani, na mwenye shamba adai kupitia mlango upi? Hiyo ni kazi ya mwanasheria, na mawakili wa Afrika Mashariki wanaoijua sheria hiyo ni wachache mno. Februari 2022 dhoruba ya jua ilipasha joto hewa ya juu, ikatanuka, na kati ya setilaiti 49 za Starlink zilizorushwa siku moja kabla, 38 zikavutwa chini zikapotea. Hapo anatakiwa mwanafizikia, na mtu wa bima pia. Mwezi huo huo, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi walizima maelfu ya modemu za mtandao wa setilaiti wa KA-SAT barani Ulaya bila kuigusa setilaiti. Walipitia mitambo ya chini, ile ile ya akina mjomba.

Kila mwaka sasa nachukua wanafunzi wawili wa mafunzo ya kazini. Siwaulizi alama zao. Nawaambia waniletee picha ya setilaiti ya mahali wanapopajua, wanionyeshe inapodanganya. Wengi huleta picha ya Nairobi na maelezo ya mtandaoni. Mwaka jana msichana mmoja alileta picha ya Mwea. Katikati palikuwa na madimbwi makubwa meusi, programu ilikuwa imeyaandika "ziwa". Akaweka kidole juu ya moja.

"Hili si ziwa," akasema. "Hili ni shamba la nyanya."

Nikamwambia nyanya hazioti majini.

"Nyanya yangu," akasema. "Mzaa mama. Ni wiki ya kupandikiza mpunga, amefungulia maji."

Alianza Jumatatu.