Jibu kwa mleta mada wa mabanda 8 Kilwa: simamisha mafundi, subiri bamvua mbili

Dada, warudishe mafundi nyumbani leo. Walipe posho ya siku, waende.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una ekari 2 za ufukweni, kaskazini ya Kilwa Masoko, ufukwe unatazama mashariki. Ulioneshwa eneo mwezi Juni, mita 60 zikahesabiwa kwa hatua, na sasa unataka kusimamisha mabanda 8 ya makuti yafunguliwe Desemba. Unauliza jina zuri, leseni, bei ya msimu mbovu na namna ya kujitangaza Instagram. Wachangiaji wote walionitangulia wamekimbilia Instagram. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hizo mita 60 zimeanzia wapi.

Zimeanzia wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kila dalali anaijua, na kila dalali atakupigia hatua 60 mbele ya macho yako, anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa gwaride. Utata uko pale anapoweka mguu wa kwanza. Ataweka pale maji yalipoishia siku hiyo. Na siku hiyo, kwa bahati ya ajabu, itakuwa maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, ufukwe mpana mweupe umetulia kama umepigwa pasi.

Sasa fanya hesabu. Pwani yetu maji yakijaa kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupanda karibu mita 1 zaidi ya yanavyojaa kwenye maji mafu. Mita moja ya kwenda juu, watu wanaidharau. Lakini ufukwe umelala. Ukiwa na mteremko wa 1 kwa 20, mita 1 ya kupanda ni mita 20 za kuingia ndani. Mteremko wa 1 kwa 30, mita 30. Kwa hiyo zile mita 60 zako huenda ni 40, au 30, na hapo hatujaongeza mawimbi ya kusi, wala bamvua kubwa za mwaka zinazokuja karibu na Machi na Septemba. Mimi somo hili nililipia ada, na ada yake ilikuwa mabanda 3. Cheka tu. Mke wangu bado anacheka.

Na usidhani bahari inakuja siku moja inabeba banda. Ingekuwa hivyo ungeshtuka mapema. Inaanza kuchokonoa mchanga chini ya ukingo wa mbele wa jamvi, ile sakafu ya zege. Nje unaona kijishimo, unakijaza, kesho kutwa kimerudi. Jamvi linabaki linaning'inia sentimita 30 au 40 bila kitu chini, mgeni na sanduku lake wanapita juu, linapasuka. Ufa ukifika kwenye nondo, maji ya chumvi yanaingia, nondo inashika kutu, na kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, basi zege linabanduka vipande vipande. Huku ukutani chumvi inapanda kwenye tofali, plasta inatoa unga mweupe. Utapaka rangi. Itabanduka. Utapaka tena.

Hapo ndipo atatokea mtu wa kukushauri ujenge ukuta wa mawe mbele. Usimsikilize. Wimbi likigonga ukuta linarudi na mchanga, baada ya misimu michache una ukuta mzuri na huna ufukwe, na jirani yako ufukwe wake unaliwa pembeni. Mgeni alikuja kwa ajili ya mchanga, hakuja kuona ukuta.

Nina donge na "mtaalamu wa utalii" mmoja, simtaji. Mpango wa biashara wa kurasa 40, umefungwa kwa plastiki, ukurasa wa kwanza picha ya jua linazama baharini. Kwenye ufukwe unaotazama mashariki! Mgeni angekaa na soda yake akisubiri hayo machweo hadi alfajiri. Ndani kulikuwa na grafu za kila rangi, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu maji kujaa na kupwa. Mama yeyote anayekwenda kuchokoa pweza angenipa habari hiyo bure, amekaa juu ya ndoo.

Basi sikiliza. Kabla ya shimo lolote, kaa na maji mwezi mwandamo mzima. Bamvua ziko mbili, moja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, nyingine siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Nunua vijiti 4 vya mita 1.5 na futi kamba ya mita 60 au zaidi, ile ya wapimaji. Habari ya hatua tumemaliza. Siku ya bamvua maji yanajaa karibu saa 10 alasiri, na tena karibu saa 10 alfajiri. Simama pale, subiri ulimi wa wimbi la juu kabisa, chomeka kijiti, andika tarehe. Rudia siku tatu mfululizo, maana siku ya kilele inasogea. Bamvua ya pili fanya vivyo hivyo. Kisha tazama juu ya vijiti: mstari wa mwani mkavu, vifuu vya nazi, vipande vya maboya, halafu pale majani ya kutambaa yenye maua ya zambarau yanapoanza kushika. Bahari ya mwaka mzima imeandika pale. Kama mstari wa takataka uko juu kuliko kijiti chako, amini takataka.

Futi kamba ianzie hapo, kwenye alama ya juu kabisa. Pima mita 60, halafu ongeza. Mimi leo nisingejenga chini ya 80. Mteremko upime kwa mpira wa maji, fundi yeyote anao. Kwenye mfuko wa fundi kuna pimamaji pia, lakini hiyo inapima ukuta, bahari haiijui. Na hapa kabla ya jiwe la kwanza nenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, ukaulize cheti cha mazingira. Afisa atakayekuja kukagua ataanza na kamba hiyo hiyo.

Ukishajua mstari, ndiyo tuongee ujenzi, kwa kifupi. Mchanga wa baharini usiingie kwenye zege, tumia wa mtoni. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 5 kila upande. Makuti yalale kwenye paa lenye nyuzi 45 au zaidi. Paa likilala, maji yanakaa, makuti yanaoza haraka. Ukipaua vizuri hesabu miaka 3 hadi 5 ndipo ubadilishe. Boriti za mikoko usinunue kwa mtu wa usiku, kibali kinatoka TFS, wakala wa misitu.

Kisima ni maji hayo hayo, yamekuzunguka kwa chini. Maji baridi pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukishusha maji ya kisima sentimita 10 kwa pampu, chumvi ya chini inaelekea kupanda mita 4. Kwa hiyo kisima kinachimbwa nyuma kabisa ya eneo, pampu iwe ndogo, ivute polepole usiku na mchana kwenda kwenye simtanki, isivute kwa fujo asubuhi wageni wanapooga. Kosa jingine: kukionja mwezi wa tano. Kusini mvua yetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Mei. Mwezi wa tano kila kisima ni kitamu. Onja mwisho wa Oktoba, siku ya bamvua, baada ya kuvuta saa 3. Watu 16 kwa lita 150 kila mmoja ni lita 2,400 kwa siku, usinijibu kwamba utatega mvua. Paa la mabati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900, likikupa asilimia 80 ni lita 72,000 kwa mwaka mzima. Siku 30 za wageni hizo. Na makuti hayategi kitu zaidi ya maji ya rangi ya chai.

Ratiba nayo. Bamvua maji yakijaa saa 10 alasiri, maana yake saa 4 asubuhi yamekauka, na saa 4 ndiyo mgeni amemaliza chai anataka kuogelea au kupanda boti. Utamwonesha matope. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, hivyo ratiba ya "boti inaondoka saa 3 kila siku" ni uongo uliochapishwa. Songo Mnara hasa, kile kisiwa cha magofu, maji yakipwa mnashuka mbali, mnatembea kwenye tope la mikoko na kamera juu ya kichwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni karibu na rahisi zaidi, ila kibali chukueni kwanza ofisini Masoko. Siku za bamvua asubuhi uza kitu kingine: kutembea mwambani na wachokoaji wa pweza, kwa malipo ya akina mama wenyewe mkononi, na kama kijiji kimefunga mwamba ili pweza wakue, mgeni asikanyage. Au wapeleke Kivinje mjini, magofu ya nyumba za Waarabu na Wajerumani hayategemei mwezi.

Desemba sahau. Aprili na Mei usiahidi mtu kitu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika Somanga, na mgeni aliyelipia hataki kusikia habari za kalavati.

Ulikuwa umeuliza nini kingine? Instagram. Piga picha saa 10 alasiri siku ya bamvua, maji yamejaa na jua liko nyuma yako. Leseni na bei wengine watakujibu, jina sina.

Ukichomeka kijiti cha bamvua ya pili weka picha hapa, na namba za futi kamba zisomeke.