Maswali ya Wasomaji: Tovuti nzito, tiketi mbilimbili na PHP "iliyokufa"

Nauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba. Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema inafunguka vizuri, na kweli kwake inafunguka. Wateja wangu wa Nansio wanasema inazunguka tu mpaka wanaghairi. Sasa anataka aiandike upya kwa teknolojia mpya. Nimlipe?
*Mama wa dagaa, Kirumba*

Usimlipe kwanza, mama. Mwambie aipime. Kwenye Chrome abonyeze F12, aingie Network, aweke tiki kwenye Disable cache, achague kasi ya 3G, kisha afungue ukurasa upya. Kompyuta yake imeshazihifadhi picha tangu alipoufungua ukurasa mara ya kwanza, ndiyo maana haoni shida.

Mshukiwa wa kwanza ni picha. Simu ya megapikseli 12 hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake mara nyingi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Picha moja ya megabaiti 4, kwenye laini inayovuta megabiti 1 kwa sekunde, inachukua sekunde 32 (baiti moja ni biti nane). Ukipanga kumi, mteja anasubiri zaidi ya dakika tano, na bando lake linakwenda. Azipunguze hadi pikseli 800 za upana, azihifadhi kwa WebP au JPEG ya ubora wa 75. Nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 150. Kila picha iandikiwe upana na kimo chake ndani ya HTML, la sivyo maandishi yanarukaruka zinaposhuka na mteja anabonyeza asichokusudia. Za chini ya ukurasa ziwekewe loading="lazy", zishuke mteja anapozikaribia tu. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Akiandika upya bila kugusa picha, atakuwa amehamishia magunia yaleyale kwenye gari jingine.

Nasimamia mfumo wa kukata tiketi za boti. Abiria analipa kwa simu mara moja, mfumo unatoa tiketi mbili. Haitokei kila siku, zaidi ni jioni mtandao ukielemewa. Nimeshazima kitufe cha Lipa kikibonyezwa, bado.
*Fundi mifumo, Nyamagana*

Kosa hili lina milango miwili, nawe umefunga nusu ya mmoja. Abiria akiona kimya hufungua ukurasa upya, na kitufe kinarudi kizima. Namba ya oda itengenezwe pale anapochagua safari, kabla ya malipo, na kila ombi la malipo libebe namba hiyohiyo. Seva ikikuta oda hiyo ina ombi linalosubiri, isitume jingine.

Mlango wa pili ndio unaosahaulika: taarifa ya malipo inayotoka kwa mtoa huduma. Seva yako ikichelewa kujibu, mtumaji anahesabu kwamba haikufika, anarudia. Wengi hutuma SMS na kuchora tiketi ya PDF kabla ya kujibu, na jioni kazi hizo ndizo zinazokula sekunde. Pokea, andika kwenye kanzidata, jibu 200 (yaani "nimepokea"). SMS na PDF ziingie kwenye foleni.

Sasa angalia jinsi unavyoandika. Ukiuliza kwanza "namba hii ya muamala ipo?" ndipo uingize, taarifa mbili zikifika pamoja zote zitaambiwa haipo, na zote zitaingia. Weka kizuizi cha UNIQUE kwenye safu ya namba ya muamala, kanzidata yenyewe ikatae ya pili. Ikikataa, wewe bado jibu 200. Ukirudisha kosa watatuma tena na tena. Malipo na tiketi viandikwe ndani ya transaksheni moja (viingie vyote au kisiingie hata kimoja), ili umeme ukikatika katikati usibaki na pesa isiyo na tiketi. Linganisha pia kiasi kilicholipwa na bei ya oda. Shilingi zihifadhi kama namba kamili, desimali zinazoelea hazifai kwa pesa.

Kujaribu ni rahisi: itume taarifa ileile mara kumi kwa mpigo kwenye seva ya majaribio, uhesabu tiketi.

Na maadamu ni boti: seva nyingi hutunza saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Safari ya saa 2:00 asubuhi (08:00) itakaa kwenye kanzidata kama 05:00. Hilo ni sawa, mradi tu isichapishwe hivyo kwenye tiketi.

Shikamoo. Niko mwaka wa pili, chuo Malimbe. Wenzangu wanasema PHP (lugha ya kuandikia tovuti upande wa seva) imekufa, nikimbilie React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa). Nifuate lipi?
*Mwanafunzi*

Marahaba. PHP inazikwa kila mwaka, na WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, bado inaendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013 na kazi zake zipo, ila nyingi za nje utazigombania na dunia nzima. Kwa maoni yangu hapo bado hujafika. Anza na HTTP (jinsi kivinjari na seva vinavyozungumza), SQL (lugha ya kanzidata) na Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo). Asiyeijua HTTP hukwama siku ya kwanza kivinjari kinapokataa ombi lake, akaanza kubadilisha maktaba za React ovyo. Tengeneza kitu kimoja kizima: daftari la mizigo ya mwaloni, lenye majedwali ya boti, mizigo na wanunuzi, na ripoti ya siku. Kiweke kwenye seva, kifute, kirudishe kutoka kwenye nakala ya akiba. Wanaoweza hatua hiyo ya mwisho ni wachache kuliko wanaojua React.

Kila baada ya miezi mitatu hivi tovuti yetu inatoa onyo kwamba si salama. Tunawasha upya seva, linaondoka.
*Ofisi ndogo, Igoma*

Huenda cheti cha usalama cha tovuti yenu ni cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure; hudumu siku 90. Kwa kuwa kuwasha upya kunaponya, cheti kipya kinapatikana kwa wakati, ila nginx (programu inayohudumia tovuti) inaendelea kushika cha zamani. Ongeza --deploy-hook "systemctl reload nginx" kwenye certbot renew (amri inayohuisha cheti), ili nginx isome kipya papo hapo. Siku kuwasha upya kutakaposhindwa, endesha certbot renew --dry-run (jaribio tu), na uangalie kama kuna mtu amefunga poti 80, ambayo huenda inatumika kuthibitisha tovuti yenu.