Minoksidili baada ya kupandikiza nywele: vigaga viishe kwanza

Mkuu, umerudi Dodoma kutoka Istanbul, leo ni siku ya 14 tangu upandikizwe nywele, vigaga bado vipo utosini na mkononi una chupa ya minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Unauliza kama uanze leo, maana unaogopa ukichelewa nywele zitakufa.

Usianze leo. Nywele zilizopandwa hazifi kwa kukosa minoksidili. Zimetolewa kisogoni, ambako ile homoni inayoleta upara haina nguvu sana, na zinahama na tabia hiyo. Dawa inaweza kuziwahisha kuchomoza, lakini kazi yake kubwa ni kwa nywele zako za asili zilizobaki katikati ya zile mpya. Hizo ndizo upara unaendelea kuzitafuna.

Kuwahi ndiko kwenye hasara. Dawa ya maji ina alkoholi na propilini glaikoli, kimiminika cha kuyeyushia dawa. Kwenye ngozi yenye matundu mapya itachoma, itakausha, kisha itawasha, na usiku utajikuna usingizini. Ngozi ikiwa wazi, dawa pia huingia kwa wingi zaidi kwenye damu. Minoksidili ilianza kama kidonge cha kushusha presha, kwa hiyo moyo unaweza kwenda mbio na kizunguzungu kikakushika. Madaktari wengi huruhusu kati ya wiki ya 2 na ya 4, ila mimi ningeangalia ngozi kuliko kalenda: vigaga vimeisha vyote, hakuna kidonda, hakuna kipele chenye usaha. Kama kliniki iliyokufanyia imekuandikia tarehe ya mbali zaidi, fuata hiyo.

Kwa vigaga, usitegemee maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu na mabaki yake hukaukia kichwani. Lowesha kwa maji ya kunywa ya uvuguvugu kwa dakika 10, paka shampuu ya watoto, sugua taratibu kwa nyama ya vidole, suuza kwa kikombe. Rudia kila siku. Mizizi imeshashika, kwa hiyo kusugua hivyo hakuing'oi. Kubandua kwa kucha ndiko kunakoacha kidonda. Kigaga kikitoka na unywele wenye kinundu cheupe mwishoni na hakuna damu, usihangaike. Huo ni unywele uliopukutika, mzizi umebaki ndani.

Siku ya kuanza, jaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio na usubiri saa 24. Pakiwa pekundu na panawasha, tafuta ya povu, kwa kawaida haina propilini glaikoli. Kipimo cha dawa ya maji kwa mwanaume ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, hivyo chupa ya mililita 60 inaisha kwa mwezi. Wiki mbili za mwanzo paka usiku tu. Kuzidisha hakukuzi nywele haraka, na ukisahau usipake mara mbili.

Wengi hukosea kwenye kupaka. Nywele za kipilipili hukamata matone yakabaki juu, na dawa iliyoishia kwenye unywele ni hasara. Tumia bomba la mililita 1 lisilo na sindano, tenganisha nywele kwa vidole hadi uone ngozi, dondosha kidogo kidogo, sambaza, kisha nawa mikono. Kichwa kiwe kikavu na kisicho na mafuta. Mafuta ya nazi yasubiri. Paka ikiwa imebaki muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kulala, la sivyo dawa itahamia kwenye mto na baadaye usoni, na vinyweleo vinaweza kuota shavuni. Usivae kofia wala helmeti ya bodaboda kabla haijakauka. Ungaunga mweupe utakaouona baadaye ni dawa iliyokauka, si mba. Na kwa jua na vumbi la hapa, kofia pana isiyobana ni lazima ukitoka.

Sasa jiandae kwa hili. Nywele zilizopandwa hupukutika kati ya wiki ya 2 na ya 8, na minoksidili yenyewe huleta kupukutika wiki za mwanzo. Vyote viwili vitakukuta pamoja. Watu huacha dawa hapo wakidhani imewaharibu. Usiache. Nywele huanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huonekana kuanzia mwezi wa 12. Utosini huweza kufika mwezi wa 18. Piga picha kila mwezi, dirisha lilelile, saa ileile. Ukija kuacha dawa baadaye, nywele za asili ilizokuwa inazishikilia zitaondoka ndani ya miezi michache.

Ukiwa na ugonjwa wa moyo au unatumia dawa za presha, muone daktari kabla ya tone la kwanza. Kifua kikiuma, moyo ukienda mbio au miguu ikivimba, osha kichwa, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Chupa iwe mbali na watoto, na kama nyumbani kuna paka, asikulambe kichwa wala kulalia mto wako. Kiasi kidogo tu cha dawa hii kinaweza kumuua.