Maswali na Majibu: Chumvi na Molekuli Ndefu Zenye Chaji

Toleo lililopita lilieleza jinsi ya kutoa DNA, yaani molekuli ndefu inayobeba taarifa za urithi, kwenye ndizi mbivu kwa kutumia chumvi, sabuni na spiriti. Wasomaji wengi walioandika baada ya hapo wameshangazwa na chumvi kuliko vitu vile vingine viwili, kwa hiyo leo najibu maswali yanayoihusu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Chumvi inaibadilisha vipi DNA, ilhali haivunji kiungo chochote cha kikemia?

Ni kweli haivunji kitu. Uzi wa DNA umejaa vikundi vya fosfati, na kila kimoja hubeba chaji hasi moja, kiasi kwamba katika uzi pacha kuna chaji mbili kwa kila nanomita 0.34 ya urefu (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita). Chaji zinazofanana husukumana. Chumvi inapoyeyuka, ayoni za sodiamu, yaani chembe ndogo zenye chaji, ambazo ni chanya, hukusanyika kuuzunguka uzi na kuufunika, hata msukumano huo usifike mbali. Katika maji yenye moli 0.001 za chumvi kwa lita, yaani chumvi kidogo sana, chaji moja huhisiwa hadi umbali wa nanomita 10 hivi, lakini chumvi ikiongezwa mara mia, umbali huo hushuka hadi nanomita 1. Mwaka 1969 mwanakemia Gerald Manning alionyesha kwa hesabu kwamba uzi wenye chaji zilizosongamana namna hii hujikusanyia ayoni hata pale chumvi ilipo haba sana. Kwa DNA, ayoni hizo hufuta takriban robo tatu ya chaji yake, ingawa hazigandi mahali pamoja bali huteleza huku na huku kandokando ya uzi.

Je, chumvi huufanya uzi utembee haraka zaidi au polepole zaidi ndani ya maji?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote niliyopokea, na jibu lake hutegemea uzi wenyewe. Chukua asidi ya hayaluroniki, ambayo ndiyo hufanya ute wa maungio yetu uwe mzito. Pasipo chumvi, chaji zake husukumana, uzi hutanuka, ukachukua nafasi kubwa na kuwazuia jirani zake, na mnato wa maji hupanda. Ukitia chumvi, uzi hujikunja, mnato hushuka, na uzi huo uliojikunja hupenya majini kwa urahisi zaidi. DNA haikunjiki kirahisi hivyo, kwa sababu ni ngumu kwa asili: katika chumvi inayokaribia ile ya mwilini, huendelea kunyooka kwa takriban nanomita 50 kabla ya kupoteza mwelekeo.

Chumvi ikipungua sana, mambo huwa ya ajabu. Ayoni ndogo zina mbio kuliko uzi, lakini haziwezi kuuacha nyuma kwa sababu chaji zinavutana, hivyo huuburuta, na vipimo vya mwanga huonyesha uzi ukienda kasi kuliko inavyotarajiwa. Hata hivyo, mwaka 1978 wanasayansi Lin, Lee na Schurr, wakichunguza polilaisini, ambayo ni uzi wenye chaji chanya, waliona kwamba chumvi ikishuka chini ya kiwango fulani, kasi iliyopimwa huporomoka ghafla, kana kwamba nyuzi zimeshikana kwa makundi, ingawa zote zina chaji ileile na zilipaswa kukimbiana. Chanzo cha mwendo huo wa polepole kimebishaniwa kwa miongo kadhaa, na mimi sioni aibu kusema kwamba ubishi wenyewe unanivutia kuliko majibu mengi yaliyokwisha kukubaliwa.

Kwa nini mama huweka magadi kwenye mlenda, na kwa nini limao huukata utelezi wa bamia?

Ute huo una nyuzi za sukari zenye vikundi vya asidi. Magadi huviondolea haidrojeni, vikabaki na chaji hasi, nyuzi zikasukumana na kutanuka. Tena hulainisha kuta za majani, ute ukatoka kwa wingi. Limao hurudisha haidrojeni, chaji zikapotea na nyuzi zikajikunja.

Je, chumvi zote hufanya kazi sawa?

La. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, wanaolima kwa biashara tangu mwaka 1989, wanajua aina mbili, spinosum na cottonii. Zote hutoa karajinani, yaani nyuzi zenye vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi, lakini ile ya cottonii huganda imara ikikutana na potasiamu, na ile ya spinosum huganda laini ikikutana na kalisiamu. Sodiamu haitoshi kufanya kazi hiyo, ingawa ina chaji sawa na potasiamu. Ndivyo ilivyo pia kwa DNA: ayoni zenye chaji tatu au nne, kama spemini, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli, huweza kuikunja ikawa donge dogo, lakini magnesiamu yenye chaji mbili haifanyi hivyo katika maji ya kawaida.

Mbona kwenye ndizi chumvi pekee haikutosha, ikabidi spiriti?

Maji hudhoofisha mvutano wa chaji kwa kiasi cha mara 80, ilhali ethanoli, yaani alkoholi iliyomo kwenye spiriti, huudhoofisha kwa mara 24 hivi. Spiriti inapochanganyika na maji, sodiamu hushikamana na fosfati kwa nguvu zaidi, nyuzi huacha kusukumana, na DNA hujikusanya ikaonekana kama nyuzi nyeupe. Kwa hiyo mimina spiriti baridi taratibu ukingoni mwa glasi, ili ikae juu ya mchanganyiko, na usikoroge.